Kosa ni la Nani? Ugonjwa na Mapenzi ya Vijana katika Riwaya ya The Fault in Our Stars

Utangulizi

Miongoni mwa hadithi za mapenzi zinazosomwa sana na vijana, ipo aina moja ambayo mwisho wake hujulikana tangu mwanzo. Kijana anampenda kijana mwenziwe, mmoja wao ana maradhi yasiyopona, na kifo kinawangoja katika kurasa za mwisho. Aina hii si ngeni. Katika karne ya 19, kifua kikuu ndicho kilichokuwa ugonjwa wa wapendanao katika fasihi ya Ulaya. Alexandre Dumas mwana alimuua Marguerite kwa ugonjwa huo katika riwaya yake ya mwaka 1848, na miaka mitano baadaye Verdi akamwimbisha mhusika huyohuyo, kwa jina la Violetta, hadi pumzi yake ya mwisho. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kuwa amegundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu, na hasa dawa zake zilipopatikana katika karne iliyofuata, ugonjwa huo ulipoteza haiba yake ya kimapenzi. Saratani ikashika nafasi yake. Katika Love Story ya Erich Segal (1970), mke kijana aliyetoka chuoni juzijuzi anakufa kwa saratani ya damu. Wapenzi wa filamu za Kihindi, ambao Pwani ya Kenya haijapata kuwakosa, wataikumbuka Kal Ho Naa Ho (2003), ambamo kijana mwenye ugonjwa wa moyo anamtafutia mpenziwe mume kabla yeye mwenyewe hajafa.

Makala haya yanachunguza riwaya moja ya aina hiyo, The Fault in Our Stars ya Mmarekani John Green. Riwaya hii ilitoka mwezi wa Januari 2012, ikaigizwa katika filamu mwaka 2014, kisha ikaundwa upya kwa Kihindi mwaka 2020 kwa jina la Dil Bechara. Ni rahisi kuipuuza kama hadithi ya kuwaliza wasichana wa shule. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo fasihi ya Kiswahili nayo imekuwa ikilijibu kwa miaka mingi, pengine bila kulitamka: mtu akiugua, kosa ni la nani?

Muhtasari wake si mrefu. Hazel Grace Lancaster ana umri wa miaka 16 na anaishi Indianapolis. Saratani ilianza katika tezi yake ya shingoni, ikaenea hadi mapafuni, na sasa anatembea akikokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu. Katika kikundi cha vijana wagonjwa kinachokutana kanisani, anakutana na Augustus Waters, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla saratani ya mifupa haijamnyang'anya mguu mmoja. Wanapendana. Wanasafiri hadi Amsterdam kumtafuta mwandishi wa kitabu anachokipenda Hazel kuliko vyote. Msomaji anayedhani kwamba Hazel ndiye atakayekufa anashtukizwa: saratani ya Augustus imerudi, naye ndiye anayetangulia.

Nyota, Cassius na Mwalimu Nyerere

Jina la riwaya limechukuliwa kutoka katika Julius Caesar ya Shakespeare, tendo la kwanza, onyesho la pili. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulitafuta chimbuko hilo. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1963, na toleo lake lililorekebishwa la mwaka 1969 ndilo linalojulikana kama Juliasi Kaizari. Katika onyesho hilo, Cassius anamwambia Brutus kwamba unyonge wao mbele ya Kaizari haukuandikwa mbinguni. Kosa ni lao wenyewe, si la nyota zao. Ni vyema kukumbuka kwamba Cassius hasemi hayo kwa ajili ya hekima tu. Anamshawishi rafiki yake aingie katika njama ya kuua. Kumwambia mtu kwamba hali yake imetokana na kosa lake mwenyewe ni njia ya zamani sana ya kumwendesha.

Green anaigeuza kauli hiyo kichwachini. Wapo watu ambao hawakutenda lolote, na bado nyota zimewaangukia. Ajabu ni kwamba hoja hii hakumpa mhusika mwema aitamke. Aliitia katika barua ya Peter Van Houten, yule mwandishi wa Amsterdam, ambaye baadaye anadhihirika kuwa mlevi, mkali na mwenye kuwatukana watoto waliovuka bahari kuja kumwona. Hapa mtunzi anastahili sifa. Ukweli uliomo katika jina la kitabu unatoka kwa mtu asiyependeka, na msomaji analazimika kuupokea bila kumpokea msemaji. Msomaji anapokuja kutambua kwamba Van Houten alimzika binti yake mwenye umri wa miaka minane, aliyekufa kwa saratani ya damu, ule ukali wake unapata maelezo, ingawa haupati udhuru.

Mtu akijaribu kulitafsiri jina la riwaya, atakutana na mambo mawili ya kuvutia. La kwanza ni neno lenyewe la Kiingereza, ambalo linabeba maana ya tendo la mkosaji na vilevile maana ya dosari iliyomo katika kitu. Kiswahili kinazitenganisha maana hizi. Kosa lina mtendaji. Hitilafu, ila na dosari si lazima ziwe naye. Mfasiri akichagua "kosa" atahifadhi mwangwi wa Cassius. Akichagua "hitilafu" atahifadhi saratani. Hawezi kuvishika vyote viwili kwa neno moja, na huenda huo ndio ushahidi bora kwamba Green alijua alichokuwa akikitafuta.

La pili ni nyota. Kwa Mwingereza wa leo, nyota za majaaliwa ni masalia ya mashairi. Kwa Mswahili bado ni msamiati wa nyumbani. Mtu huwa na nyota njema, au nyota yake hufifia. Katika miji ya Pwani, kabla ya posa kukubaliwa, zimekuwapo familia zinazompelekea mwalimu wa falaki majina ya kijana na binti, naye akapiga hesabu ya herufi ili aone kama nyota zao zinapatana. Kwa hiyo maneno "nyota zetu", yakitamkwa na wapenzi wawili, yana uzito katika Kiswahili ambao Kiingereza hakinao. Yana mtego pia. Msomaji anaweza kudhani kwamba Hazel na Augustus hawakufaana, ilhali riwaya nzima inaonyesha kwamba walifaana kupita kiasi. Kilichowashinda ni miili yao.

Guu Lililovunjika bila Kosa

Ipo methali inayojulikana na kila mtoto aliyepitia shule ya msingi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali inayobeba mantiki nzima ya usimulizi wa kimaadili. Kila guu lililovunjika lina agizo lililokaidiwa nyuma yake, na kazi ya msimulizi ni kulionyesha agizo hilo. Mantiki hii ilipata nguvu ya pekee wakati wa janga la UKIMWI, ambalo Kenya ililitangaza kuwa la kitaifa mwaka 1999. Hadithi nyingi za vijana, michezo ya kuigiza ya mashuleni na nyimbo za mashindano za miaka ile zilifuata njia moja. Msichana aliacha masomo, akafuata starehe, akakonda, akafa, na wenzake wakaonywa. Haifai kuzicheka kazi hizo, kwa sababu ziliandikwa watu wakifa kila wiki na dawa zikiwa hazipatikani kwa wengi. Hata hivyo, zilimwacha mgonjwa akiwa mfano wa kuonyea tu. Alikuwa na kosa na alikuwa na mwisho, lakini mara chache alikuwa na mzaha, kitabu alichokipenda, au hasira juu ya jambo lisilohusu ugonjwa wake.

Si watunzi wote walioridhika na njia hiyo. William Mkufya, katika Ua la Faraja (2004), aliupa ugonjwa huo nafasi pana ya riwaya ya kufikirisha. Tamthilia ya Orodha ya Steve Reynolds (2006), ambayo imesomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, inaanza na matarajio yaleyale ya zamani. Furaha amefariki na ameacha orodha itakayosomwa mazikoni. Wanaume wa kijiji wanatetemeka wakidhani kwamba majina yao yamo. Orodha inaposomwa, inakuwa ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa. Marehemu amelikataa swali la nani alikosa, na badala yake ameuliza ni nini kilichokosekana. Tofauti kati ya kukosa na kukosekana ni ndogo kisarufi, lakini kimaudhui ni kubwa sana.

Augustus Waters anaivunja methali kwa njia ya wazi zaidi. Guu lake limekatwa, na hapakuwa na mkuu aliyepuuzwa. Mtunzi haachi mwanya wowote wa kumtafutia kosa: hakuvuta sigara, na hata ile anayoiweka mdomoni haiwashi kamwe. Kwake ni jazanda ya kushika kitu kinachoua bila kukipa uwezo wa kuua. Baadhi ya wasomaji huiona tabia hiyo kuwa ya kujishaua, na hawakosei sana. Vijana wa Green huzungumza mara nyingine kama wahadhiri waliokosa ukumbi. Lakini huko Amsterdam, Augustus anapomweleza Hazel kwamba ugonjwa umemrudia, majivuno yanamwishia. Anatambua kwamba hawezi kupigana vita na saratani yake kwa sababu saratani hiyo ni yeye mwenyewe, imeundwa kwa chembe zake kama ulivyoundwa moyo wake. Hapo maneno ya Cassius yanarudi kwa kinaya. Kosa limo ndani yake kweli, lakini hakuna aliyelitenda.

Green anaepuka pia kosa la upande wa pili, yaani kumfanya mgonjwa kuwa malaika. Kabla ya Hazel, Augustus alikuwa na mpenzi aliyekufa kwa uvimbe wa ubongo. Uvimbe huo ulimbadilisha tabia akawa mkatili wa maneno, na kijana hakuweza kumwacha kwa sababu nani angemwacha msichana anayekufa? Halafu kuna usiku ambao Augustus, aliyekwisha kudhoofika, anaendesha gari peke yake hadi kituo cha petroli ili ajinunulie pakiti ya sigara. Alitaka atende jambo moja tu kwa uwezo wake. Hazel anamkuta ndani ya gari akiwa amejitapikia, mrija wa tumboni umepata uambukizo, analia na kuomba asiitiwe gari la wagonjwa. Huu ndio ukurasa ulio mgumu kuliko yote katika riwaya, na ndio unaoitenga na wenzake wa karne ya 19, ambamo mgonjwa hukohoa kidogo kwenye kitambaa cheupe na kuzidi kupendeza.

Jambo hili halikutoka hewani. Green aliwahi kuhudumu kwa muda kama kasisi mwanafunzi katika hospitali ya watoto mjini Columbus, Ohio. Riwaya yenyewe aliitabaruku kwa Esther Earl, msichana aliyefariki mwaka 2010 kwa saratani ya tezi akiwa na umri wa miaka 16, ingawa mtunzi amesisitiza kwamba Hazel si Esther. Ikumbukwe pia kwamba dawa inayomrefushia Hazel maisha ni ya kubuni. Green mwenyewe amekiri hivyo, na mwanafunzi asiitafute katika duka la dawa.

Nyumba ya Anne Frank

Busu la kwanza la Hazel na Augustus halitokei bustanini wala ufukweni. Linatokea katika nyumba ya makumbusho ya Anne Frank. Nyumba hiyo ina ngazi nyembamba na za mwinuko mkali, na Hazel anazipanda hatua kwa hatua huku mapafu yakimwaka, akiwa na mtungi wake. Uamuzi huu wa mtunzi umelaumiwa na wengi. Inaonekana kama utovu wa adabu vijana wawili kubusiana mahali palipowekwa kwa ajili ya kuomboleza. Wageni wengine wa makumbusho wanapowapigia makofi, lawama hiyo inapata nguvu. Makofi hayo ni udhaifu wa wazi, kwa maana yanamwambia msomaji namna ya kuhisi.

Lakini mahali penyewe hapakuchaguliwa ovyo. Anne Frank naye alikuwa msichana. Alijificha humo na watu wengine saba tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944, na katika shajara yake aliandika pia juu ya kumpenda kijana aliyefichwa pamoja naye, Peter van Pels. Alifariki mapema mwaka 1945 katika kambi ya Bergen-Belsen, akiwa na umri wa miaka 15, na kwa yaliyo mengi inaaminika kwamba kilichomuua ni homa ya chawa. Kwa hiyo naye aliuawa na ugonjwa. Kati ya wale wanane ni baba yake peke yake aliyenusurika.

Je, kifo hicho nacho kilikuwa kosa la nyota? Hasha. Homa ya chawa ilimpata Anne kwa sababu binadamu walimtoa mafichoni, wakamsafirisha, wakamweka katika uchafu na njaa. Hapa Cassius ana haki kamili, kwa kuwa kosa ni la watu. Kwa kuwapandisha Hazel na Augustus ngazi zilezile, Green anaviweka vifo viwili bega kwa bega, kimoja kisicho na mkosaji na kingine chenye wakosaji wengi, wakati kwa anayezika jeneza ni lilelile. Mtunzi hatamki tofauti hiyo. Anaiacha ndani ya nyumba, na msomaji mwepesi hupita bila kuiona. Laiti makofi yangenyamaza, ingesikika vizuri zaidi.

Inafaa hapa kumtaja Isaac, rafiki yao, ambaye saratani inamchukua macho yote mawili. Monica, msichana aliyemwapia kutomwacha daima, anamwacha kabla ya upasuaji. Macho hayana mkosaji. Kiapo kilichovunjwa kinaye. Riwaya haivichanganyi, na Isaac ana ruhusa ya kukasirika juu ya kimoja bila ya kuambiwa kwamba kingine ni mtihani wa kumwimarisha.

Maziko Kabla ya Kifo

Mficha maradhi kifo humuumbua. Augustus aliificha habari yake kwa muda, nayo ikamuumbua. Lakini ilipokwisha kujulikana, alifanya jambo ambalo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki lingehesabiwa kuwa uchuro: aliwaita Hazel na Isaac kanisani wamsomee hotuba za maziko yake akiwa hai, ameketi katika kiti cha magurudumu, akisikiliza. Hazel anazungumza juu ya mapenzi yao kwa lugha ya hesabu za namba, jinsi muda mfupi unavyoweza kugawanyika bila kikomo. Siku nane baadaye Augustus anafariki.

Kwenye maziko halisi Hazel anaikunja hotuba yake ya kweli na kutoa maneno ya kawaida ya kufariji, yale yanayosemwa kila mahali. Yeyote aliyewahi kusimama mazikoni akisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa, akimtambua marehemu kwa tarehe tu, ataelewa alichokitenda. Maneno ya kweli yalikwisha kutolewa kwa mwenyewe. Yaliyobaki yalikuwa ya wazazi. Ukiiweka kando ya Orodha, tofauti inajitokeza: Furaha alisubiri afe ndipo asikike, na Augustus alitaka asikie kabla hajafa. Vyote viwili ni njia za mgonjwa kuzuia watu wengine wasimwandikie mwisho wake.

Wazazi, kwa kweli, ndio wanaobeba sehemu isiyotajwa sana na wahakiki. Hazel anajiona kama bomu la mkono litakalolipuka siku moja na kuwajeruhi walio karibu, na kwa hiyo anataka wawe wachache. Hofu yake kuu ni kwamba mama yake, akifiwa, hatakuwa mama tena. Baadaye inafichuka kwamba mama huyo amekuwa akisoma kwa siri shahada ya kazi za ustawi wa jamii, akiogopa binti yake ataona kwamba anajiandaa kwa maisha bila yeye. Hazel anafurahi mno. Katika riwaya iliyojaa mapenzi ya vijana, furaha hii ya binti kugundua kwamba mama yake ataishi ni ya kweli kuliko busu lolote.

Nyota katika Maabara

Haitoshi kuisifu kazi ya Indianapolis na kuiacha huko. Kenya ina ugonjwa wake unaolingana na swali hili, nao ni selimundu. Katika ugonjwa huu seli nyekundu za damu hupinda zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na kuleta vipindi vya maumivu makali na upungufu wa damu. Umeenea zaidi katika maeneo ya Ziwa Viktoria na Pwani, yaani kulekule ambako malaria imekuwa ikiua kwa vizazi vingi. Sababu inajulikana: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Kitu kilekile kilichomwokoa babu ndicho kinachomtesa mjukuu. Ni vigumu kupata mfano ulio bora wa hitilafu isiyo na mkosaji, na bado katika familia nyingi mama hulaumiwa, au jirani, au laana.

Zaidi ya hayo, ugonjwa huu unaingia moja kwa moja katika mapenzi. Watu wawili walio wazima kabisa, kila mmoja akiwa na jeni moja, wanaweza kukutana chuoni na kupendana bila kujua; katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua utakuwa mmoja kati ya minne. Hapo zamani majina yao yangepelekwa kwa mwalimu wa falaki. Siku hizi damu yao inaweza kupelekwa maabara, na karatasi itakayorudi itawaambia kama nyota zao zinapatana. Msichana wa Kilifi au kijana wa Kisumu anayeishi na ugonjwa wenyewe ana swali la karibu zaidi: amwambie mpenziwe lini, na kwa maneno gani, kabla hajalazwa tena? Mtunzi atakayeliandika hilo kwa Kiswahili atakuwa na lugha inayotenganisha kosa na hitilafu tayari mkononi mwake. Itambidi pia aamue atamfanyia nini mama mkwe anayeishika ile karatasi ya maabara na kuuliza huyu ametoka ukoo gani.